Tulisoma Mkia wa Neno, Kichwa Hatukukisoma



Sote twaijua desturi ya vijijini mwetu. Mtu akipata karatasi asiyoifahamu, hairudishi kwa aliyeiandika. Huipeleka kwa mwalimu wa dini. Iwe barua ya mtoto aliye Kindu, iwe hati ya shamba, iwe karatasi ya hospitali, yote huletwa barazani kwa mwalimu, na watu hukaa kimya wakingoja asome. Heshima hiyo ni tamu. Leo twataka kuwasimulia jinsi heshima hiyo ilivyotuponza sisi, na jinsi mtu wa nyumbani mwetu alivyolipa deni lisilo lake.

Sisi tulisoma seminarini miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani na kuwa katekista. Huko tulijifunza Kilatini, na Kigiriki kidogo, kadiri ya kufuata mistari ya Agano Jipya kwa kidole. Hatukufika upadri, lakini maneno yale yalibaki kichwani. Nasi, tuseme kweli, tulipenda yaonekane.

Basi, mpwa wetu, binti wa dada yetu mkubwa, aliolewa upande wa Kabambare. Miaka minne ya ndoa ikapita bila mtoto. Damu yake ya mwezi ilikuwa nyingi, siku kumi na zaidi, na chini ya kitovu tumbo likaanza kuwa gumu kama ngumi. Mume wake ni mtu mwema, hakumfukuza. Lakini wazee walisema hili, na majirani wakasema lile, na dawa za mizizi zikanywewa, wala haikusaidia. Mwishowe kituo cha afya kikamwandikia karatasi ya kwenda hospitali, upande wa Kasongo. Wakaja kwa pikipiki, mume, mama mkwe na yeye. Siku mbili walikuwa njiani, kwa maana mvua ilikuwa imeiharibu barabara. Wakafikia kwetu.

Hospitalini walimpima kwa ekografi. Daktari akamwambia kwamba ana vivimbe katika tumbo la uzazi, ya kuwa yafaa apasuliwe, na kwamba kesho yake waje wote pamoja ili awaeleze kila jambo kabla ya kutia sahihi. Wakarudi jioni na karatasi. Juu yake lilikuwa neno moja refu la Kifaransa: miomektomi.

Sasa, jirani yetu mmoja alikuwa amepasuliwa mwaka uliotangulia. Karatasi yake iliandikwa histerektomi, na mtaa mzima ulijua kwamba ametolewa tumbo la uzazi. Jioni ile alikuja kumwamkia mgonjwa, naye akaleta karatasi yake ya zamani ili ilinganishwe. Mama mkwe wa mpwa wetu hakusoma shule nyingi, lakini macho yake ni makali. Aliziweka karatasi mbili juu ya mkeka, akatia kidole chake mwisho wa neno la kwanza, kisha mwisho wa neno la pili. Akasema: "Mwalimu, mkia huu si ule ule?"

Tukatazama. Ulikuwa ule ule.

"Nao una maana gani?"

Tulifurahi kuulizwa! Tukaeleza kwa sauti ya darasani: kwa Kigiriki *ek* ni nje, *tome* ni kukata, basi *ektomi* ni kukata na kutoa nje. Yote hayo yalikuwa kweli. Watu wakatikisa vichwa kwa kutusifu. Ndipo mama yule akauliza swali la pili: "Wanatoa nini?"

Kichwa cha neno kilikuwa *mio*. Hatukukijua. Tungalisema, "Hatujui, mama, kesho tumwulize daktari," mambo yangalikwisha pale pale. Lakini mtu aliyekwisha kusifiwa kwa jibu la kwanza huona haya kukosa la pili. Tukajibu: "Bila shaka ni pale penye ugonjwa." Wao wakasikia: tumbo la uzazi. Nasi tukawaacha wasikie hivyo.

Mpwa wetu hakusema neno. Alitutazama tu. Kabla ya jogoo wa pili kuwika walikuwa wamekwisha ondoka, na kile kitanda cha wageni kilikuwa kimetandikwa vizuri kama kwamba hakikulaliwa.

Miezi kumi na moja ilipita. Tulipomwona tena, watu wanne walikuwa wamemchukua kwa tipoyi toka kijijini mpaka barabarani, kisha pikipiki ikamleta, ndugu mmoja nyuma yake akimshika asianguke. Kucha zake zilikuwa nyeupe. Alisema masikio yake yanavuma kama mto. Hospitali ikataka damu. Kaka zake wawili wakatoa, na sisi tukatoa.

Daktari alikuwa yule yule. Hakutukaripia. Alimweleza mgonjwa mwenyewe, polepole, kwa Kiswahili: vivimbe vimekuwa vikubwa, na damu iliyopotea ni nyingi mno. Atajaribu kuvitoa vivimbe peke yake. Lakini damu ikikataa kusimama, itambidi aondoe tumbo la uzazi lote, ama sivyo atakufa mezani. Je, akubali? Mpwa wetu akauliza maswali mawili, akajibiwa, akatia sahihi kwa mkono wake mwenyewe.

Damu haikusimama.

Mpwa wetu yu hai. Twamshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini jambo lile walilolikimbia usiku ule, wakisadiki maneno yetu, ndilo lililowapata, na lilikuwa halijaandikwa kwenye ile karatasi ya kwanza hata kidogo.

Siku ya tatu daktari alituuliza pale ukumbini: "Kwa nini hamkurudi kesho yake?" Watu wote wakatazama chini. Tukasema: "Ni sisi, Daktari." Tukamwambia yote, kuanzia mkia mpaka haya yetu. Alinyamaza kitambo. Kisha akachukua kalamu, akaandika maneno mawili, moja juu na moja chini, akayakata vipande kwa mistari kama mtu anayekata muwa. "Nusu ya neno uliijua," akasema. "Keti, ujue na nusu ya pili."

Tuliketi siku ile, tukaketi na siku nyingine. Hayo aliyotufundisha, na mengine tuliyoyakumbuka wenyewe kutoka seminarini, twayaandika hapa ili msomaji asiwe kama sisi.

Kwanza yafaa tujue kwamba jambo lenyewe si geni kwetu. Kiswahili nacho kina mikia. Tazama: *funga* na *fungua*, *ziba* na *zibua*, *choma* na *chomoa*. Mzizi ni mmoja, lakini mkia ukibadilika, mlango uliofungwa umefunguka, na mwiba uliochomwa umechomolewa. Mtoto wa miaka mitatu hakosei hapo. Maneno ya waganga ni vivyo hivyo: kichwa cha neno chataja kiungo cha mwili, na mkia wataja ugonjwa au kazi itakayofanywa. Asiyejua kichwa hajui ni wapi. Asiyejua mkia hajui ni nini.

Je, kwa nini Kigiriki? Kwa sababu waganga wa kale walioandika vitabu vingi vya tiba walikuwa Wagiriki: Hippocrates wa kisiwa cha Kos, na Galen wa Pergamon baada yake. Katika karne ya 9 mkristu mmoja wa Bagdadi, Hunayn ibn Ishaq, alivigeuza vitabu vingi vya Galen katika lugha ya Kisiria na ya Kiarabu. Baadaye vitabu hivyo viligeuzwa kutoka Kiarabu kuwa Kilatini, vikasomwa Ulaya. Hata neno letu *tiba* ni la Kiarabu, nalo lilifika Maniema pamoja na Kiswahili, kwa njia ya misafara ya pwani. Basi katika hospitali moja mdomo wetu wasema Kiarabu, na karatasi yasema Kigiriki, na mgonjwa ni Mbangubangu au Mzimba. Si ajabu tukipotea!

Sasa tushike mikia yenyewe.

Mkia wa kwanza ni *-iti*: apendisiti, hepatiti, menenjiti, gastriti. Wagiriki wa kale waliutumia kwa maana ya "wa" au "ya". Walisema "ugonjwa wa figo", kisha wakaliacha neno ugonjwa, wakabakiza "wa figo" tu. Nasi twafanya hivyo: twasema "ana tumbo", "ana kichwa", na hakuna anayeuliza kama wengine hawana. Siku hizi waganga wameukaza mkia huu uwe na maana moja: kiungo kimewaka ndani, kimevimba, kina joto, kinauma. Hepatiti ni ini lililowaka. Gastriti ni tumbo la chakula lililowaka. Menenjiti ni zile ngozi zinazofunika ubongo. Mkia huu hausemi kwamba mtu atapasuliwa. Wataja ugonjwa tu.

Mkia wa pili ni *-tomi*, kukata au kupasua. Laparotomi ni kupasua tumbo ili kuingia ndani. Waliosoma shule walijua neno *atomu*: nalo ni *tome* lile lile, lenye *a* ya kukana mbele yake, yaani kitu kisichokatika. Na katika Agano Jipya la Kigiriki tohara huitwa *peritome*, maana yake kukata kuzunguka. Hakuna mtu wa Maniema, mkristu au mwislamu, asiyelifahamu jambo hilo.

Mkia wa tatu ndio ule uliotuangusha: *-ektomi*. Ni *tome* lenye *ek* mbele yake: kukata na kutoa nje. Apendisektomi ni kutoa kile kijitumbo kidogo kilichowaka. Splenektomi ni kutoa bandama. Na hiyo *ek* mnaijua ninyi nyote, kwa sababu Eklezya maana yake ni watu walioitwa watoke nje, wakusanyike. Tazama sasa jinsi herufi mbili zilivyo na nguvu. Histerotomi ni kupasua tumbo la uzazi, kisha kulishona. Ndiyo kazi ifanyikayo mama akizalishwa kwa kisu. Tumbo labaki. Histerektomi ni kuliondoa. Mtu akisoma upesi, maneno hayo mawili yafanana kama mapacha, lakini mmoja humwachia mama tumbo lake, na mwingine hulichukua.

Mkia wa nne ni *-stomi*. *Stoma* ni mdomo. Kolostomi ni kuufungulia utumbo mkubwa mdomo mpya kwenye ngozi ya tumbo, choo kipitie hapo, pengine kwa muda, pengine siku zote. Msomaji atakumbuka Mtakatifu Yoane Krizostomo, askofu na mwalimu wa Eklezya. Jina hilo alipewa kwa ajili ya mahubiri yake: *krisos* ni dhahabu, *stoma* ni mdomo, yaani Mdomo wa Dhahabu.

Mkia wa tano ni *-rafi*, kushona. Herniorafi ni kushona pale ambapo utumbo umetokeza, ugonjwa tuuitao mshipa. Katika Evanjili ya Mt. Mateo, ngamia na tundu la sindano, sindano hiyo kwa Kigiriki ni *rafis*, kitu cha kushonea. Mt. Luka, ambaye Mt. Paulo amwita mganga, aliandika neno lingine, *belone*, ambalo waganga wa Kigiriki walilitumia kwa sindano ya kushonea vidonda. Lakini angalia: *-rafi* si *-grafi*. *Grafi* ni kuandika au kuchora. Radiografi ni picha iliyochorwa kwa miali. Hakuna atakayekushona hapo.

Mkia wa sita ni *-skopi*, kutazama. Endoskopi ni kutazama ndani ya mwili kwa mpira mwembamba wenye taa. Na neno *Askofu*, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, latoka katika Kigiriki *episkopos*: yule atazamaye toka juu, mwangalizi. Basi Askofu na endoskopi ni wa ukoo mmoja!

Mkia wa saba ni *-oma*, nao mara nyingi wataja uvimbe au kitu kilichoota. Hematoma ni damu iliyokusanyika na kuvimba chini ya ngozi. Fibroma na mioma ni vivimbe visivyo saratani. Karsinoma ni saratani. Maana yake ni hii: mkia *-oma* peke yake haukuambii kama uvimbe ni mbaya au si mbaya, lazima uulize. Tena trakoma, ugonjwa wa macho, si uvimbe kama huo: jina lake latoka katika neno la Kigiriki la kitu kikwaruzacho, kwa sababu kope kwa ndani huwa na mikwaruzo.

Na damu ni *haima*. *Anemi* ni kukosa damu. Hemoraji ni damu kububujika. Katika Evanjili ya Mt. Mateo, yule mama aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili ameelezwa kwa neno moja tu la Kigiriki, lililofungwa kwa *haima* na neno la kutiririka. Tulilisoma seminarini, tukaulizwa swali katika mtihani, tukajibu vizuri, tukapata alama. Kumbe mtu aliyeelezwa kwa neno hilo alikuja kulala kwetu juu ya kitanda cha wageni, hatukumtambua.

Sasa tulikate neno la mpwa wetu, kama alivyolikata daktari. *Mi-om-ektomi.* Vipande vitatu. *Mio* ni msuli; kwa Kigiriki *mis* ni panya, na ni msuli pia, labda kwa sababu msuli wa mkono ukikazwa wakimbia chini ya ngozi kama panya chini ya mkeka. *Oma* ni uvimbe. *Ektomi* ni kukata na kutoa nje. Kutoa uvimbe wa msuli. Tumbo la uzazi halimo katika neno hilo. Latajwa na *histera*, na *histera* haikuandikwa. Daktari alikuwa ameandika wazi kabisa kwamba ataondoa vivimbe na kumwachia mpwa wetu tumbo lake. Neno lilimpa tumaini. Sisi tukalisoma kama hukumu.

Msomaji mmoja atasema: "Basi sasa nimejua mikia, nitajisomea mwenyewe." La, ndugu, usifanye hivyo! Hapo ndipo tulipoanza sisi. Maneno haya yana mitego. Katika Kifaransa kuna neno *kistektomi* liandikwalo kwa k, nalo ni kutoa kifuko cha maji kilichoota. Na kuna neno lingine liandikwalo kwa c, *sistektomi*, nalo ni kutoa kibofu cha mkojo. Yote mawili yatoka katika neno moja la Kigiriki, *kistis*, mfuko. Tena katika ekografi ile *eko* si *ek* ya kutoa nje. Ni *ekho*, mwangwi, kwa maana chombo kile hutuma sauti tusiyoisikia, kikapokea mwangwi wake. Neno *katekista* nalo lina *ekho* hiyo ndani yake: ni mtu atiaye sauti masikioni mwa wengine, mpaka warudishe mwangwi. Tulipolitambua hilo tuliona uchungu. Maana usiku ule tulitia sauti, na mwangwi ulirudi: nyumba ikarudia maneno yetu, na mtu akaondoka kabla ya jogoo.

Wala si maneno yote ni ya Kigiriki. Hernia ni Kilatini. Jina lile la kuzalisha kwa kisu ni Kilatini pia. Mengine ni mchanganyiko: apendisiti ina kichwa cha Kilatini na mkia wa Kigiriki. Mtu mwenye Kigiriki kidogo ni kama mtu mwenye ufunguo mmoja katika nyumba ya milango mingi.

Basi yafaa tufanye nini? Tuliyojifunza ni mambo manne, nayo ni mepesi.

La kwanza, mgonjwa au ndugu yake aulize maswali haya mbele ya daktari au muuguzi: Kiungo gani? Mtakipasua, au mtakiondoa? Mkikiondoa, chote au sehemu? Baada ya hapo mwili utabaki na nini? Maswali hayo hayahitaji Kigiriki. Waweza kuyauliza kwa Kiswahili, kwa Kibangubangu, kwa Kikusu, kwa kuonyesha mkono.

La pili, karatasi irudi kwa aliyeiandika. Mwalimu wa dini, kalani, mwanafunzi wa sekondari, wote waweza kukusomea herufi. Lakini jibu la ugonjwa linatoka kwa yule aliyekupima.

La tatu, asikie mgonjwa mwenyewe. Usiku ule tulisema mengi juu ya kichwa cha mpwa wetu, wala hakuna aliyemwuliza yeye. Mara ya pili daktari alimwuliza yeye kwanza, naye akajibu kama mtu mzima.

La nne, na hili ni letu sisi tuitwao wasomi wa kijiji: tuzoee kusema "Sijui." Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza: kukiri kutojua si aibu. Aibu ni kile kitanda kilichotandikwa gizani.

Watu wa Kasongo tuna sababu ya kulizingatia hili kuliko wengine. Kuanzia mwaka 1971 waganga wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, pamoja na wenzao wa Kikongo, walijaribu hapa namna ya kuunganisha vituo vya afya vya vijijini na hospitali moja, ili mgonjwa atoke kwa muuguzi wa karibu kwenda kwa daktari, na habari zake zimfuate kwa karatasi. Mwaka 1981 gazeti la waganga, The Lancet, lilichapa habari za chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo, na jina la mji wetu likasomwa mbali. Na njia ile ya karatasi, toka kituo mpaka hospitali, ndiyo iliyomleta mpwa wetu mara ya kwanza. Ilifanya kazi yake mpaka mlangoni petu, ikakatikia hapo.

Mpwa wetu sasa analima mpunga, na mumewe bado yuko naye. Wamemchukua mtoto wa shemeji yake aliyefiwa na mama, wanamlea. Yeye hakutusema vibaya hata siku moja. Mwaka jana tulimtembelea upande wa Kabambare, tukaketi naye uani. Tulikuwa tumejitayarisha kumwomba radhi kwa maneno marefu, lakini yalipofika mdomoni yakawa mafupi: "Mwanangu, tulikukosea. Hatukujua, tukasema."

Akaendelea kupepeta mchele. Kisha akasema: "Mjomba, mimi niliona usoni mwako kwamba hujui. Lakini watu wote walikusadiki, nami nikaogopa kukuumbua mbele ya mama mkwe."

Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumeogopa aibu yetu, na yeye pia alikuwa ameiogopa aibu yetu, na kwa ajili ya aibu hiyo moja tumbo lake limekwenda.

Tulipoaga, alitutuma: "Kuna mama mmoja hapa jirani ana karatasi ya hospitali. Amesema akuletee uisome." Tukaipokea. Ilikuwa na neno refu lenye mkia tuujuao na kichwa tusichokijua. Yule mama akakaa kimya akingoja, kama wote wanavyongoja.

Tukamrudishia mkononi, tukamwambia: "Mama, hatujui. Kesho asubuhi twende wote kituoni, tumwulize muuguzi."

Na kesho yake tukaenda.